Dabo kebini mpya ya shambani: nichukue gredi ya chini, ya kati au ile fulu?

#1. Kitunguu Maji

Wakuu salaam. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni mkulima wa vitunguu, nipo Mang'ola, huku bondeni kando ya Ziwa Eyasi. Miaka kumi na moja sasa natembelea Hilux singo kebini ya zamani, injini ya 5L, ile isiyo na turbo. Haijawahi kunilaza njiani, ila mlango wa abiria siku hizi unafungwa kwa kamba ya katani na watoto wamefika watatu. Mama watoto ametamka wazi kwamba Krismasi hii kwenda kwao Singida hapandi tena kwenye "debe" langu.

Msimu umekwenda vizuri, madeni ya mbegu na mbolea nimemaliza, nikaona ninunue dabo kebini mpya, ya kilomita sifuri. Nikaenda Arusha kuomba proforma. Nilidhani nitarudi na karatasi moja, nimerudi na tatu. Aina ya gari sitaji ng'o, maana nikitaja tu uzi utageuka ligi ya Hilux na Ranger. Gari ni lilelile, bodi ileile, zote dizeli, zote fowili. Zinatofautiana gredi:

Ya chini ina injini ndogo, manyuali, rimu za chuma, sakafu ya mpira, viti vya kitambaa, eabegi mbili. Redio ipo, basi.

Ya kati ina injini hiyohiyo ndogo na manyuali, inaongeza rimu za aloi za inchi 17, difu loki ya nyuma, VSC (mfumo wa kuzuia gari lisiserereke), eabegi zaidi, kruzi (ya kushikilia mwendo bila kukanyaga mafuta) na kamera ya nyuma.

Ya juu ina injini kubwa, oto, rimu za 18, viti vya ngozi, taa za LED, kuwasha kwa kubonyeza kitufe, skrini kubwa, na bomba la nikeli kwenye bodi ambalo sijaelewa ni la kazi gani.

Toka ya chini kwenda ya kati naongeza milioni 13. Toka ya kati kwenda ya juu naongeza milioni 27 nyingine. Hela ipo, lakini hiyo 27 kwangu ni pampu mpya ya umwagiliaji na mabomba yake. Kijana wa mauzo kila ninachomuuliza jibu lake ni "bosi, chukua ya juu, hutajuta".

Matumizi yangu: siku tano za wiki shambani, vumbi na mawe, masika tope. Mara mbili tatu kwa mwezi Karatu na Arusha. Familia safari ndefu mara mbili kwa mwaka. Mzigo ni vitunguu sampuli, madawa, mafuta ya pampu, vibarua. Mzigo mkubwa wa soko unapanda Fuso, si hii.

Nisaidieni.

#2. Nanga ya Chuma

Natia nanga hapa. Na mimi nipo njia hiyohiyo.

#3. Mzee wa Mkonga

Kijana, achana na mambo ya gredi. Nunua Land Cruiser mkonga, ile ya pikapu. Injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, haina turbo, haina kompyuta ya kukununia. Gredi yake ni moja tu: ipo au haipo. Utairithisha wajukuu.

#4. Kitunguu Maji

Shikamoo mzee. Hiyo ndiyo ndoto, lakini bei yake tuiache. Halafu mama watoto alishapanda ya mradi mmoja toka Karatu hadi hapa, aliposhuka akasema afadhali punda.

#5. Fundi wa Uani

Mkuu Kitunguu, nina miaka kumi na tisa chini ya magari, nyingi pikapu. Naomba nikupe njia ninayowapa wateja wangu, maana watu wanachanganyikiwa kwa sababu wanasoma ile karatasi toka juu kwenda chini kama vile kila mstari una uzito sawa.

Chukua karatasi zako tatu na kalamu. Kila kitu kilichopo gredi ya juu na hakipo ya chini, jiulize: hiki naweza kukiweka mwenyewe baadaye? Redio yenye skrini, kamera ya nyuma, kava za viti, kanopi, taa za ziada, bampa ya chuma, plastiki ya bodi, rimu, ngazi za pembeni, vyote hivyo ni kazi ya siku moja au mbili kwa fundi wa kueleweka, tena kwa bei ndogo kuliko ya kiwandani. Hayo yapige mstari. Usiyalipie kwenye gredi.

Yanayobaki ndiyo unayoyanunua. Injini huwezi kubadili. Giaboksi huwezi. Eabegi huwezi, asikudanganye mtu. VSC huwezi, maana si kifaa kimoja, ni sensa ya usukani, sensa ya mzunguko wa gari, pampu ya breki na kompyuta vinavyoongea pamoja. Difu loki unaweza kuweka ya kununua, lakini ni kufungua ekseli ya gari jipya, na warantii ukiigusa hivyo wanakuruka. Kwa hiyo nayo ihesabu kwenye "huwezi".

Sasa fanya hesabu. Milioni 13 zako za kwanza zinanunua difu loki, VSC na eabegi, vitu vitatu usivyoweza kuviongeza. Hizo 27 zinanunua injini, oto, na mapambo. Injini na oto ni hoja ya haki, tutaijadili. Mapambo yasikuumize kichwa.

Na hiyo sakafu ya mpira ya gredi ya chini usiidharau. Kwa mtu wa shamba ni bora kuliko zulia. Unaingia na buti la tope, jioni unapitisha kitambaa chenye maji, imeisha. Zulia likishika maji ya dawa ya vitunguu, harufu yake utakaa nayo hadi unauza gari.

#6. Dereva wa Mradi

Fundi kamaliza, mimi naongezea la difu loki kwa sababu huko aliko Kitunguu nimepita sana na magari ya miradi.

Watu wanadhani fowili ni matairi manne yote yanasukuma. Sivyo. Difu ya kawaida inapeleka nguvu kule kwenye ulaini. Tairi moja la nyuma likiwa hewani au kwenye tope, linazunguka lenyewe na mwenzake aliyekanyaga pakavu anakaa kimya. Mbele hivyohivyo. Loki inayafunga hayo mawili yazunguke pamoja. Kwa hiyo fowili isiyo na loki unaweza kuikuta imekwama huku matairi mawili yanapiga kelele na mawili yamelala.

Masika moja tulikuwa magari mawili, umbo moja, aina moja, tukivuka korongo lenye udongo mweusi wa mbuga, ule ukilowa unashika buti kama ugali wa moto. La kwanza lilikuwa na loki. Dereva akasimama kabla ya tope, akaweka L4 (fowili ya gia nzito), akabonyeza kitufe cha loki, taa ikawaka, akaingia taratibu gia ya pili bila kukanyaga mafuta kwa hasira. Akatoka. La pili halikuwa nayo. Tulilivuta kwa waya, waya ukakatika, tukakata miti tukatandika. Kazi hiyo ilitula muda wa saa nne na nusu, na ng'ombe wa watu wamesimama wanatutazama.

Angalizo: loki usiifunge kwenye lami wala kukata kona nayo. Na nyingi zikifungwa zinazima VSC, hiyo si hitilafu.

#7. Mjini Kati

Naona mnamnyima mwenzenu raha. Naomba niitetee gredi ya juu, maana mimi ninayo na siijutii.

Kwanza injini. Mfano wa Hilux, injini ya lita 2.4 inatoa nguvu farasi kama 148. 2.8 ya baada ya 2020 inatoa kama 201. Mkiwa watu watano na mizigo, mnapanda Kitonga nyuma ya lori la simenti, hizo farasi hamsini na kitu si mapambo. Unapita, unarudi upande wako, moyo haudundi.

Pili oto. Kuna kitu wengi hawakijui: 2.8 hiyohiyo ikiwa na manyuali torki yake (nguvu ya kuvuta) ni Nm 420, ikiwa na oto ni Nm 500. Zamani tulikariri kwamba manyuali ndiyo ya kazi. Kwa injini za sasa kiwanda chenyewe kinaipa oto nguvu zaidi, maana giaboksi ya manyuali ndiyo inayowekewa kikomo.

Tatu, mgongo. Dar kwenda Arusha kwa siku moja kwenye kiti kisichopanda wala kushuka, ukifika unatembea kama umebeba gunia.

Na mwisho, kuuza. Ukitangaza gari, simu ya kwanza mtu anauliza "ni fulu?"

#8. Bi Hesabu

Mjini Kati, ya kuuza nakupinga. Nafanya kazi ya mikopo ya magari, aliyeniajiri simtaji. Gredi ya juu inapoteza fedha nyingi zaidi ndani ya miaka mitano ya kwanza, kwa sababu mnunuzi wa mkono wa pili halipii ngozi iliyochanika na skrini iliyopitwa na wakati. Analipia injini, chesesi, na historia ya servisi. Simu ya kwanza anauliza kama ni fulu, sawa. Akija kuliona anainama chini kuangalia chesesi.

Halafu bima kubwa inakokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari. Ukiongeza milioni 40 kwenye gari, umeongeza pia bima ya kila mwaka, na kama ni mkopo, riba ya hizo 40 pia. Watu wanaona tofauti ya bei ya siku ile moja tu.

Ila kuna jambo lingine naona hamjaligusa, nalo ndilo limewafanya wateja wangu kadhaa wajute: uzito.

Kila pikapu ina kibao kwenye nguzo ya mlango kinachotaja uzito wa juu kabisa gari likiwa na mzigo, mafuta na watu. Kwa gari la umbo moja na injini moja uzito huo mara nyingi unalingana au unakaribiana gredi hadi gredi. Lakini gari tupu halilingani. Ngozi, mota za viti, rimu kubwa, bomba la nikeli, vyote vina kilo, na kilo hizo zinatoka kwenye mzigo wako.

Tuseme kikomo ni kilo 2,900. Ya chini tupu ina 2,000, ya juu ina 2,120. Imebaki 900 kwa 780. Panda watu watano wa kilo 75, toa 375. Imebaki 525 kwa 405. Weka kanopi ya chuma kilo 60 na bampa ya mbele 45. Imebaki 420 kwa 300. Yaani hiyo pikapu yako ya "tani moja", familia ikishakaa, gunia la nne la vitunguu limekuwa la kuvunja sheria kwenye ile ya juu. Na hapo ni gunia la haki, si lumbesa.

Mfano wa mbali zaidi ni Ranger Raptor. Nyuma haina majani ya springi, ina koili. Inakimbia porini kama swala, lakini mzigo wake unaishia kwenye kilo 700 hivi, wakati Ranger XL ya kazi inakaribia tani. Ghali zaidi, inabeba kidogo zaidi. Si kosa, imetengenezwa kwa kazi nyingine.

#9. Nanga ya Chuma

Bi Hesabu ubarikiwe. Mimi nilikuwa nahesabu kilo za mzigo tu, watu sikuwahesabu kabisa.

#10. Mjini Kati

Hesabu nimeielewa, dada. Lakini mwenzetu kasema mzigo mkubwa unapanda Fuso.

#11. Fundi wa Uani

Ni kweli, kasema. Lakini vibarua nao ni mzigo, na sijawahi kumwona mkulima anayemwacha kibarua njiani eti kibao cha mlango kimekataa.

Ngoja niseme ya matairi. Rimu ya 17 na tairi la 265/65, ukuta wake ni milimita 172. Ya 18 na 265/60 ni 159. Hizo milimita 13 mjini huzioni. Kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, au ukikanyaga jiwe lenye ncha, ndizo zinazoamua kama rimu imeguswa. Tena ya 17 ukipasua popote unaipata, mpaka kwenye vimji vidogo. Ya 18 nimeshaona mtu kalala siku mbili akisubiri ije kwa basi.

Na taa za LED ni nzuri, zinamulika. Ila nyingi zinakuja kama taa nzima iliyofungwa. Ikipigwa na jiwe au ikiingia maji, hubadilishi globu, unabadilisha taa yote. Globu ya kawaida unaipata dukani kwa mpemba saa tano usiku.

#12. Kamau wa Maua

Hamjambo wandugu, mimi ni mgeni kutoka upande wa Meru, Kenya. Nimesoma uzi wote.

Huku kwetu wenye kubeba miraa watakufunza mambo ya uzito bila kalamu. Miraa inakauka, kwa hivyo kila dakika ni pesa. Hao watu hawataki dabo kebini, hawataki kiti cha ngozi, hawataki hata kanopi. Singo kebini, gari nyepesi, springi zimeongezwa. Ukiwaonyesha bampa ya nikeli watakuuliza inabeba kilo ngapi za miraa.

Mimi mwenyewe nina D-Max, zile zinaunganishwa hapa Nairobi. Nilichukua ya kati. Kitu kimoja sijaona mkitaja: dabo kebini bodi yake ni kama mita moja na nusu, singo ni kama mbili na robo. Pima mzigo wako kwa futi kabla hujaenda shorumu. Jirani yangu alinunua dabo, mabomba yake ya maji yanatokea nyuma kama mkia, kila safari anafunga kitambaa chekundu.

#13. Kitunguu Maji

Kamau karibu sana. Mabomba nayo ninayo! Nimepima sasa hivi, roli la mpira linaingia, ya plastiki ya mita sita hata singo isingeyameza. Yataendelea kupanda Fuso.

Swali kwa Fundi: hiyo VSC kwa mtu wa vumbi ina faida gani? Wengine wananiambia ni ya wazungu kwenye barafu.

#14. Fundi wa Uani

Ina faida zaidi kwako kuliko kwa mzungu. Pikapu tupu ni nyepesi nyuma na springi zake ni ngumu. Ukiwa 80 kwenye kokoto, mbuzi akatokea, ukakata usukani, mkia unachapa upande. Dereva anashtuka, anarudisha usukani kwa nguvu, mkia unachapa upande wa pili, na safari hii gari linalala. VSC inaona usukani unaelekea huku na gari linaelekea kule, inashika breki ya tairi moja tu na kupunguza mafuta kabla hujamaliza kusema "Mungu wangu". Magari mengi ya wateja wangu yaliyopinduka hayakugongana na kitu chochote. Yalijichapa yenyewe.

#15. Shangazi Kilimo

Wanangu hamjambo. Na eabegi tusizihesabu kama mayai. Mnakumbuka mwaka 2018 Global NCAP, wale wanaopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, walipopima Nissan NP300 Hardbody iliyokuwa ikiuzwa Afrika? Ilikuwa na eabegi mbili na ikapata nyota sifuri, kwa sababu bodi yenyewe ilikunjamana ikambana dereva. Mwaka 2020 wakaigonganisha na Nissan Navara ya mwaka 2015 iliyotumika Ulaya. Mpya ya Afrika ndiyo iliyoumia. Kwa hiyo ukiambiwa "ina eabegi", uliza na gari lenyewe limepimwa wapi, gredi ipi. Mara nyingi nyota zinazotangazwa ni za gredi ya soko la mbali, iliyojaa vifaa.

#16. Niliumia Kimya

Shangazi kanigusa donda. Naomba niseme yaliyonipata, jina la gari na la muuzaji naweka mfukoni.

Nilichagua gari kwa video za mtandaoni. Jamaa wa Australia kaeleza vizuri, gredi ileile jina lilelile, nikakariri kila kitu. Nikalipa. Siku ya kukabidhiwa nikatafuta kitufe cha difu loki pale kwenye dashibodi alipokionyesha yule jamaa. Pana kipande cha plastiki, kitupu, hata maandishi hakina. Nikamuuliza muuzaji, akajibu kwa upole kabisa, "Kaka, ya soko letu haiji nayo. Lakini ni fowili, si ndivyo ulivyotaka?" Kwenye proforma niliyosaini paliandikwa jina la gredi na rangi. Rangi! Hakuna mstari hata mmoja wa vifaa.

Jina la gredi halina maana likivuka mpaka. Hilux zetu zinaweza kutoka Durban au Thailand, Ranger inatoka Silverton kule Pretoria, na kila soko linaagiza orodha yake. Dai orodha ya vifaa ya gari lenyewe, yenye namba ya chesesi, iwe sehemu ya mkataba. Halafu kabla hujalipa salio nenda na orodha, gusa kimoja kimoja kwa kidole.

#17. Mzee wa Mkonga

Mkonga haina kitufe cha kutafuta.

#18. Bi Hesabu

Mzee 😂

Kitunguu, na hayo mawili uyaulize kwa maandishi. Moja, bei ni pamoja na VAT na usajili au bado? Nimeona mtu anashangilia bei kumbe ameandikiwa ya taasisi zenye msamaha wa kodi. Mbili, kama biashara yako imesajiliwa VAT, usijipe moyo kwamba utairudisha kabla mhasibu hajakagua dabo kebini hiyo inahesabiwa ya abiria au ya mizigo. Ya gari la abiria hurudishiwi.

#19. Dereva wa Mradi

Na uliza kama injini ya gredi ya juu ina DPF, ule mtungi wa kuchuja masizi kwenye ekzosi. Ukiwa nao unahitaji safari ndefu za mwendo mzuri mara kwa mara ili masizi yaungue. Gari la kuzunguka shamba kwa gia ya kwanza siku tano mfululizo litakuwashia taa. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli ya salfa kidogo (ppm 50) mwaka 2015, lakini ile ya kwenye madumu kijijini hujui imepitia wapi.

#20. Mjini Kati

Basi nimezidiwa. Ila siti yangu ina joto la kiti, na Arusha mwezi wa saba mtanikumbuka.

#21. Kitunguu Maji

Wakuu, nimerudi. Wiki tatu kimya, nilikuwa kwenye mambo yenyewe.

Nilirudi Arusha na karatasi ya Fundi iliyopigwa mistari. Nikaomba magari yote matatu yasogezwe uani. Nilianza na kibao cha mlangoni, nikapiga picha. Halafu nikalala chini na tochi ya simu, kijana wa mauzo ameshika koti langu. Kwenye ekseli ya nyuma ya ile ya kati kuna waya unaoingia kwenye difu, ya chini haina. Hapo ndipo nilipoamini loki ipo, kitufe baadaye.

Ya juu niliiendesha. Sitasema uongo, ni tamu. Ikipanda kilima inavuta kama haina habari. Nikauliza DPF, wakapigiana simu watu watatu, jibu likaja kwamba ya soko letu haina. Kwa hiyo hiyo haikuwa sababu. Iliyonitoa ni kibao. Nilipoweka familia yangu kwa kilo zao za kweli (mama watoto kanikataza kuandika zake) na mapipa mawili ya dizeli ya pampu, ya juu ilikuwa imejaa kabla sijaweka hata jembe.

Nimechukua ya kati. Orodha ya vifaa imegongwa muhuri pamoja na namba ya chesesi, kipengele namba tano. Kijana alisema hajawahi kuombwa hivyo, lakini alikwenda kuitafuta, na baada ya dakika arobaini aliipata. Nikaomba waninyime zulia waniwekee sakafu ya mpira ya gredi ya chini. Meneja alicheka, akakubali, hakuongeza hata shilingi.

Kwenye ile 27, pampu imeshafungwa. Iliyobaki kidogo nimenunua plastiki ya bodi na kava za viti, na kiti cha dereva nimekiongezea sponji kwa fundi wa makochi pale Karatu. Mama watoto kakaa, kajisogeza mara mbili, kasema, "Hapa naweza kufika Singida." Halafu akauliza kwa nini hakina kile kitufe cha kuwashia.

Mkwaruzo wa kwanza umepatikana siku ya nne. Mtoto wa mwisho, na mpini wa jembe, mlango wa nyuma kushoto. Nilikaa kimya dakika nzima. Sasa nimetulia, limekuwa gari la shamba.

Swali lililobaki: hayo matairi yaliyokuja nalo ni ya lami kabisa. Niyamalizie au niyauze mapema niweke ya tope kabla masika hayajaingia?

#22. Fundi wa Uani

Yauze yakiwa mapya, bei yake hapo ndipo ilipo. Weka ya nusu lami nusu vumbi, yasiwe ya tope tupu, yatakupigia kelele njia nzima ya Singida. Saizi usibadilishe, na spea nayo ibadilishe.

#23. Nanga ya Chuma

Uzi bila picha ni batili mkuu.

#24. Kitunguu Maji

Nikiliosha nitaweka.

#25. Mzee wa Mkonga

Basi hatutaiona.